Kabla Hujatia Saini

Ngoja, Venla. Weka kalamu chini.
Kahawa ipo, na king'ora cha zamu bado.
Kurasa tisa hizi nilizitia saini mwaka ule
mto Kymi ulipoganda hadi magogo yakasimama wima barafuni,
na sikusoma hata moja. Nilikuwa na njaa,
na njaa haisomi.

Kifungu cha pili: kufika kwa wakati.
Hicho hakina hila. Basi la alfajiri hupita darajani,
dereva anaitwa Olavi. Ukichelewa atakungoja,
ila usimzoeshe.

Cha nne: kutii maagizo halali ya msimamizi.
Weka kidole hapo. Juu ya neno halali.
Limejibanza kama mtoto
kati ya wazazi wanaogombana.

Cha saba: kutunza vitendea kazi.
Kisu changu cha karatasi ninacho mwaka wa kumi na tisa;
mpini nimebadilisha mara mbili, makali sikumbuki,
nao wanakiita kisu cha kiwanda. Sawa. Ni cha kiwanda.
Siku ya kustaafu nitakirudisha, kimeoshwa.

Cha kumi na moja: uaminifu, na kutunza siri.
Hicho kilinikwama kooni kama mwiba wa samaki.

Siku zile mashine ya tatu ilikuwa ikikata karatasi ovyo,
kila ikikata tunasimama, na kila tukisimama
Rainer anaitazama saa kana kwamba saa inamdai.
Akasema: fungueni kile kizuizi cha rola, kinatuchelewesha.
Eetu akakifungua. Miaka ishirini na miwili, mtiifu,
wa kusema ndiyo kabla swali halijafika mwisho.

Asiyesikia la mkuu, husema watu, huvunjika guu.
Eetu alilisikia. Alilisikia vizuri.
Vidole viwili, cha shahada na cha kati, mkono wa kulia,
na karatasi ikaendelea kupita, nyeupe, halafu si nyeupe,
mita arobaini kabla sijakifikia kitufe.

Kesho yake nikaambiwa: andika uzembe wa mfanyakazi.
Nikaambiwa: ya ndani hubaki ndani, kumi na moja hiyo, Irja.
Nikalivuta daftari la zamu, nikaandika
saa, namba ya rola, kizuizi kilikolazwa
nyuma ya ndoo ya gundi,
na jina la aliyeamuru.

Wakaniita juu. Watu watatu na jagi la maji.
Miwani nilikuwa nimeisahau kwenye koti,
nikamwomba mkurugenzi yake. Akanipa. Angefanyaje?
Kwa miwani yake nikawasomea kifungu cha sita,
ambacho hakuna aliyekuwa amekitaja:
mfanyakazi atatoa taarifa ya hatari yoyote, bila kukawia.
Atatoa, nikawaambia. Hapajaandikwa akipenda.

Sikupigiwa makofi. Nilihamishiwa ghalani miezi minane,
kuhesabu marobota. Rainer hunisalimu mpaka leo,
kwa kichwa, si kwa mdomo.
Kizuizi kilirudi. Utakiona, kina rangi ya njano;
Eetu ndiye aliyekipaka, kwa mkono wa kushoto,
na rangi imechuruzika pale chini pembeni.
Usiikwangue.

Sikwambii usisaini. Kazi mbaya si mchezo mwema,
na hii wala si mbaya: ndani kuna joto, mshahara haukawii.
Nakwambia tu, wajibu huu waliouandika
umebeba jina lako.
Usikubali wausome wao peke yao.

Haya. Ukurasa wa tisa, mstari wa chini.
Andika jina lote, herufi zisomeke.
Kisha omba nakala.
Yao wataifungia kabatini. Yako iweke
mahali mkono wako unapopafikia gizani.